Mdhamini wa Mgeni

Mwaka 1331 chombo kilichomchukua Ibn Battuta kutoka Zeila kilipotia nanga mbele ya Mogadishu, waliokipokea hawakuwa makarani wala askari, bali vijana wa mji, waliokijia kwa sambuku ndogo ndogo, kila mmoja ameshika sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara mmojawapo na kutangaza mbele ya wenziwe kwamba huyu ndiye mgeni wake. Tokea saa hiyo mfanyabiashara yule hakushukia ila nyumbani kwa kijana yule, isipokuwa awe amekwisha kuuzuru mji mara nyingi na kujuana na watu wake; mwenyeji ndiye aliyemwuzia mali yake na kumnunulia aliyoitaka, na mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimwuzia kitu ilhali mwenyeji hayupo, biashara hiyo ilihesabiwa kuwa si biashara. Ibn Battuta mwenyewe, ilipojulikana kuwa si mchuuzi bali ni mwanachuoni, alifuatwa na kadhi ufuoni, naye alipotaka kwenda kwanza kupumzika aliambiwa kuwa kaida ya nchi haimruhusu mwanachuoni mgeni kuteremka popote mpaka amwone sultani.

Hiyo, ukiitazama vizuri, ni sheria kamili ya uhamiaji. Imo ndani yake ukaguzi wa chomboni, imo tofauti ya msafiri wa biashara na msafiri wa elimu, yumo mtu wa kuulizwa mgeni akiharibu au akiharibiwa, na kimo kibali cha mwenye nchi kwa yule ambaye hana bidhaa ya kumweleza. Swali lililoulizwa ufuoni pale ndilo linaloulizwa leo katika kila ubalozi na kila kiwanja cha ndege, nalo ni hili: nani anamdhamini mgeni huyu? Mogadishu ilijibu kwa kumtaja mtu mwenye jina na nyumba. Dola za zama zetu zimejibu kwanza kwa karatasi, kisha kwa fedha, na sasa kwa mashine. Na katika uchambuzi huu nataka kuifuata dhamana hiyo jinsi ilivyohama kutoka mkono hadi mkono, kwa kuwa naona humo ndimo ilimo asili ya mambo mengi yanayowachosha wasafiri wetu na ambayo wao huyaita ukorofi wa balozi.

Katika bahari zetu karatasi ilianza kumwandama nahodha kabla haijamwandama abiria wa kawaida. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890, uliofungwa kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa, ulivishurutisha vyombo vya wenyeji kuwa na hati ya bendera, orodha ya mabaharia na orodha ya abiria weusi waliomo, hata nahodha aliyezoea kuulizwa na forodha juu ya shehena yake akawa sasa anaulizwa juu ya watu wake. Watu wa Sur huko Omani, ambao majahazi yao yalikuwa yakishuka na kaskazi mpaka Unguja, walikuwa wamekwisha kuipata dawa yake: walijitafutia hati na bendera za Kifaransa, maana manowari za Kiingereza zilizosaka watumwa hazikuwa na ruhusa ya kupekua chombo chenye bendera hiyo. Ugomvi wa Uingereza na Ufaransa juu ya raia hawa wa Sultani wa Muskati ulifika mpaka Baraza la Usuluhishi la The Hague, nalo likakata shauri tarehe 8 Agosti 1905 kwamba hati zilizotolewa kabla ya tarehe 2 Januari 1892 zina nguvu, na zilizotolewa baada ya hapo hazina, ila kwa mwenye kuthibitisha kuwa Ufaransa ilikwisha kumweka chini ya himaya yake kabla ya mwaka 1863. Jahazi ni lile lile, tanga ni lile lile, na nahodha ni yule yule mwenye ndevu na tasbihi. Tarehe iliyoandikwa juu ya karatasi ndiyo iliyomfanya awe Mfaransa au asiwe.

Nchi kavu mambo yalichelewa kidogo. Kabla ya Vita vya 1914 mtu mwenye nauli aliweza kusafiri katika sehemu kubwa ya Ulaya ya magharibi bila ya kuulizwa pasi. Vita ndivyo vilivyoleta vizuizi, kwa hofu ya majasusi na ya vijana wanaotoroka jeshi, na vita vilipokwisha vizuizi vilibaki. Mwezi Oktoba 1920 wajumbe wa nchi nyingi walikutana Paris kwa wito wa Shirikisho la Mataifa, wakapatana juu ya umbo moja la pasipoti, nalo ni kijitabu cha kurasa 32, na katika maazimio yao wakakiri kuwa linalotamaniwa hasa ni kurudi katika hali ya kabla ya vita, ila wakati wake haujafika. Wakakutana tena Geneva mwaka 1926, na wakati ukawa haujafika. Kijitabu kile, kwa umbo lake, ndicho hicho ulicho nacho mkobani.

Ukifungue basi kwenye ukurasa wenye picha, utazame chini kabisa: utaona mistari miwili, kila mmoja una alama 44 za herufi, tarakimu na vile vishale vya kujazia nafasi tupu. Ndiyo lugha ambayo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, kwa ufupi ICAO, limeziagiza nchi kuiandika ili mashine iisome, na mpaka tarehe 24 Novemba 2015 pasipoti zote zisizo na mistari hiyo zilitakiwa ziwe zimeondolewa. Mstari wa kwanza huanza na herufi P, kisha nchi, TZA au KEN, kisha jina la ukoo, kisha vishale viwili, ndipo yafuate majina mengine. Na hapo kwenye jina la ukoo ndipo sisi watu wa pwani tunapoanza kuonekana waongo. Kijana wetu anaitwa Ali Juma Hamadi, yaani Ali mwana wa Juma mwana wa Hamadi, na babaye ni Juma Hamadi Faki. Mashine inamsoma mtoto kuwa ni wa ukoo wa Hamadi na baba kuwa ni wa ukoo wa Faki, na mama, ambaye kwa sheria yetu hapotezi jina la babaye kwa kuolewa, ni wa ukoo wa tatu. Familia nzima ikisimama dirishani haina jina moja la kuiunganisha, na ofisa aliyezaliwa mahali ambapo baba, mama na watoto huitwa kwa jina moja anaomba ithibati kuwa watoto hawa hawakuibwa. Sisemi habari ya Khadija wa cheti cha kuzaliwa ambaye ni Hadija wa cheti cha shule na Khadijah wa cheti cha ndoa: huyo mawakili wa hati za viapo wanamjua, maana wanakula kwake.

Pasipoti yenyewe si ruhusa ya kuingia popote, jambo ambalo wengi hawalitambui mpaka wafikwe. Ni dhamana ya dola iliyoitoa, inayosema kwamba huyu ni mtu wetu, nanyi mkimchoka mrudisheni, tutampokea. Ukilielewa hilo utaelewa na lile sharti la miezi sita, ambalo nchi nyingi zinalo, la kuwa pasipoti ibakiwe na uhai wa nusu mwaka: mgeni akiugua, au akichelewa, au akijificha, mwenye nyumba anataka dhamana ile iwe bado hai siku ya kumtoa. Shangazi yangu mmoja hakulielewa, wala mimi niliyemsindikiza sikuwa nimelitazama. Alikuwa akienda Ghuba kumlea binti yake aliyejifungua, ana viza, ana tiketi ya kwenda na kurudi, ana visheti na achari ya embe katika ndoo iliyozungushiwa gundi ya karatasi, na mbele ya mizani ya mizigo binti wa kampuni ya ndege akaigeuza pasi yake mara mbili.

“Shikamoo mama. Pasi yako imebakiwa na miezi mitano na siku kumi na moja.”

“Marahaba mwanangu. Mimi arobaini ikisha narudi, hata miezi miwili haitimu.”

“Najua mama yangu. Lakini mimi nikikupandisha, wao watakurudisha kwa ndege ile ile, na kampuni italipa faini.”

Akatuonyesha kioo cha kompyuta yake, ambamo masharti ya kila nchi yameandikwa, na sharti la nchi ile lilikuwa mstari mmoja tu. Tukarudi na ndoo. Wengi walimlaumu binti yule, nami sikuona kosa lake, kwa kuwa dola zimekwisha kuwafanya wenye ndege kuwa mabawabu wao: sheria za Ulaya zinamtoza mchukuzi maelfu ya euro kwa kila abiria atakayemfikisha pasipo hati zinazotakiwa, na juu ya hayo inampasa kumrudisha. Kwa hiyo mpaka wa Ulaya wa kwanza kuukuta wewe uko Kipawa, kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam, hapo kwenye mizani, na mlinzi wake ni msichana wa Temeke mwenye sare ya kampuni, ambaye hakuapishwa na serikali yoyote.

Sasa tuje kwenye viza, ambayo ndiyo roho ya maneno haya. Nachukua ile ya nchi za Schengen kwa mfano, kwanza kwa kuwa mlango wake mmoja unafungua nchi 29, na pili kwa kuwa masharti yake yameandikwa wazi kwa kila mwenye macho. Schengen ni kijiji cha Luxembourg kando ya mto Moselle, na mkataba wake ulitiwa saini tarehe 14 Juni 1985 juu ya chombo kilichokuwa mtoni, jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka, kwa sababu mpaka wa kwanza niliousimulia nao ulikuwa chomboni. Mwombaji hutakiwa pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10, yenye kurasa mbili tupu, na itakayoishi miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka kwake. Bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, ambayo sharti igharimie hata kurudisha maiti. Mahali pa kulala au barua ya mwaliko. Fedha za kumtosha. Sababu ya safari. Na ada ya euro 90, iliyokuwa 80 mpaka Juni 2024, na ambayo hairudishwi viza ikikataliwa. Atakaa siku 90 katika kila siku 180, wala hatafanya kazi. Wazee waliposema kuwa mgeni siku ya tatu apewe jembe hawakudhani kwamba itafika zama ambapo mgeni akionekana na jembe ndipo atakapofungishwa mizigo.

Hayo yote ni mazito kwa mfuko, lakini akili inayakubali. Lenye kuisumbua akili ni lile la mwisho, la kuthibitisha kwamba utarudi. Katika fomu ya kukataliwa mna orodha ya sababu, na ofisa hutia alama penye ile inayohusika. Na miongoni mwake imo inayosema kuwa kuna mashaka yenye msingi juu ya nia yako ya kuondoka kabla ya viza kwisha. Mbele ya kadhi, anayedai ndiye anayeleta mashahidi, na anayekana huapa, jambo likaisha. Mbele ya balozi anayetuhumiwa ndiye anayetakiwa kuleta mashahidi, tena juu ya jambo ambalo bado halijawa, na kiapo chake hakina bei. Na kwa kuwa hakuna shahidi wa kesho, balozi huitazama leo: mshahara, mwajiri, taarifa ya benki, mke na watoto, nyumba, safari za zamani. Kila kitu kinachomfunga mtu kwao kinageuka kuwa kamba ambayo balozi anaivuta kidogo kuona kama imekaza.

Nimeiona kamba hiyo ikivutwa. Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu wa Pemba, mwenye mikarafuu na minazi, na binti yake ameolewa Ulaya. Mwaka alioombwa aende kumwona mjukuu, mimi ndiye niliyekuwa nikimpangia karatasi katika faili la plastiki la rangi ya buluu. Kwa kipimo cha kijiji chake ni tajiri, na kwa kipimo cha kijiji chake hawezi kuhama hata ukimpa jumba la kioo: ni imamu wa msikiti, ni msuluhishi wa ndoa za watu, na mashamba yake yana wajukuu wanaosubiri msimu kuliko wanavyosubiri Idi. Ofisi ya kampuni inayopokea maombi kwa niaba ya balozi ilikuwa na kiyoyozi kikali, naye alivaa kanzu na koti, akaamkiwa vizuri na kijana wa dirishani.

“Shikamoo mzee. Taarifa ya benki ya miezi mitatu iko wapi?”

“Marahaba. Hiyo hapo.”

“Mzee, humu hamna kitu.”

“Fedha yangu iko mitini, mwanangu, mpaka msimu ufike.”

“Balozi hapandi mkarafuu, mzee wangu.”

Wote wawili walicheka, na wote wawili walikuwa wamesema kweli. Tatizo lilizidi kwenye hati za mali. Huku Zanzibar ardhi ni ya Serikali tangu Mapinduzi, na anachomiliki mtu ni miti, na nyumba aliyoijenga, na haki ya kukaa. Mjomba alikuwa na hati ya eka tatu aliyogaiwa marehemu babaye katika ule ugawaji wa miaka ya 1960 na 1970, kipande cha karatasi kilicholiwa na mende pembeni, chenye jina la mtu mwingine na saini ya mtu aliyekufa. Alikuwa na stakabadhi za ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, za karafuu alizoziuza miaka minne mfululizo, kila moja ina uzito wa gunia na daraja ya karafuu. Mimi nilizifasiri kwa Kiingereza usiku kucha, nikajitahidi kumweleza mtu asiyewahi kuuona mkarafuu kwamba mti huu haubebeki, haukopeki, wala hauachwi na mwenye akili timamu mwezi wa Septemba. Akakataliwa. Alama ilitiwa penye nia ya kuondoka.

Ningependa kusema kwamba balozi alikosa adabu, lakini sivyo. Kazi yake ni kusoma dhamana, na dhamana anayojua kuisoma ni ile inayoingia benki kila tarehe 28. Watu wa mshahara wanasomeka. Wakulima, wavuvi, mama lishe, mafundi na walimu wa madrasa hawasomeki, na hao ndio wengi wetu. Ndiyo maana kijana wa miaka 26 mwenye ajira ya kampuni, asiye na mke wala mti, hupewa viza, naye pengine ndiye mwenye sababu zaidi ya kutorudi.

Wamarekani hawakulificha hili. Wameliandika katika sheria. Sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1952, katika kifungu cha 214(b), inamchukulia kila mwombaji wa viza ya matembezi kuwa ni mhamiaji mpaka atakapomridhisha ofisa kuwa siye, na ofisa ana dakika chache tu dirishani za kuridhika. Ada yake tangu Juni 2023 ni dola 185, hairudi. Kisha mwezi Agosti 2025 wakaanzisha jambo jipya: raia wa baadhi ya nchi, Malawi na Zambia zikiwa za kwanza, akikubaliwa viza ya biashara au matembezi huenda akatakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000, atakazorudishiwa akiondoka kwa wakati, na mwezi Oktoba mwaka huo huo Tanzania ikaongezwa katika orodha. Wenzangu walikasirika mno. Mimi nakiri kuwa hasira yangu ilichanganyika na kitu kama heshima, kwa sababu angalau mara hii dhamana imeitwa kwa jina lake, na bei yake imetajwa hadharani, ambapo kabla ya hapo ilifichwa ndani ya maneno laini. Ila hiyo bei! Kwa mwalimu wa Pemba, dola 5,000 ni ukoo mzima kukaa barazani na kuchanga, na mgeni anayesafiri kwa mchango wa ukoo amekwisha kudhaminiwa na watu arubaini ambao hakuna ofisa atakayewaona.

Kuna dhamana ya mwili pia, nayo nitaipita upesi kwa kuwa ndiyo yenye haki zaidi. Ugonjwa hauna nia, na hofu ya kipindupindu ndiyo iliyowaweka mahujaji wa karne ya kumi na tisa karantini katika kisiwa cha Kamaran, Bahari ya Shamu, kabla ya kuruhusiwa kufika Jeddah. Leo hujaji hudungwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo angalau siku 10 kabla ya kuwasili, akaenda zake. Homa ya manjano ina kadi yake ya njano, ambayo huanza kuwa na nguvu siku ya 10 baada ya kuchanjwa, na ambayo tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa Kanuni za Afya za Kimataifa, hudumu maisha yote ya mwenyewe. Laiti karatasi nyingine zingejifunza kwa hii!

Msomaji atasema kwamba nimeanza na kijana wa Mogadishu na sahani yake kwa sababu namtamani arudi. Namtamani, lakini si kipofu. Yupo bado, katika nchi za Ghuba, na wanaokwenda kufanya kazi huko wanamwita kafili: mwenyeji anayesimama mbele ya serikali kwa ajili ya mgeni, na ambaye kwa miaka mingi mgeni hakuweza bila ya ridhaa yake kubadili kazi, na katika baadhi ya nchi hata kuondoka. Nchi hizo zimekuwa zikiyalegeza masharti hayo miaka ya karibuni, na si kwa kupenda tu. Mabinti wetu wa kazi za nyumbani waliorudi kutoka huko wanajua nini maana ya pasi yako kukaa katika kabati la mtu mwingine. Dhamana ya mtu kwa mtu ina joto lake, na ina mlango mmoja tu, na ufunguo wake hauko kwa mgeni. Hata mfanyabiashara wa 1331 hakuweza kuuza peke yake.

Na milango yetu je? Haifai kulalamika mbele ya nyumba ya jirani bila ya kutazama yetu. Mgeni anayekuja Tanzania, ikiwa nchi yake imo katika zinazohitaji viza, hulipa dola 50, na Mmarekani hulipa 100. Tunataka nasi ile miezi sita ya pasipoti, na kadi ya njano kwa atokaye penye homa. Na tangu Juni 2019 mfuko wake wa plastiki unaachwa kiwanjani, sharti ambalo limewashangaza watalii kuliko yote. Zanzibar tangu tarehe 1 Oktoba 2024 humwuzia mgeni kutoka nje bima ya dola 44 kwa Shirika la Bima la Zanzibar, hata akiwa na bima yake nyingine. Kenya iliifuta viza mwezi Januari 2024 kwa shangwe, ikaweka mahali pake idhini ya safari inayoombwa kwa mtandao na kulipiwa dola 30, na baadaye ikawasamehe Waafrika karibu wote. Rwanda imewafungulia Waafrika wote bila ya ada. Mkataba wa Umoja wa Afrika wa watu kusafiri huru, uliopitishwa Addis Ababa Januari 2018, unahitaji nchi 15 ziuridhie ili ufanye kazi, nazo hazijafika hata nusu ya hizo. Tofauti ya milango yetu na ya Ulaya ni kwamba sisi hatumwulizi mtalii atarudi lini. Tunamwuliza atalipa kwa kadi au kwa fedha taslimu. Hatuna shaka na nia yake ya kuondoka, na tungefurahi akichelewa.

Mwafrika mwenzetu ndiye tunayemwuliza. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayofanya kazi tangu Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia bila viza, na tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa baina ya nchi zao tatu. Kati ya Kenya na Tanzania hilo halijawa. Mtu wa Vanga akialikwa harusi Moa, kwa Wadigo na Wavumba wenziwe ambao mstari wa Waingereza na Wajerumani uliwagawa mwaka 1886, njia halali ni kuifuata barabara mpaka Lunga Lunga na Horohoro, akagongewa muhuri huku na akagongewa huko. Njia nyingine ni mashua, nusu siku kwa upepo mzuri, na huko ufuoni atapokewa na shemeji yake mwenye sinia la pilau. Ofisa wa Horohoro anaijua njia hiyo, naye pengine alikuwapo harusini.

Mjomba aliomba mara ya pili. Mkwewe, huko Ulaya, alikwenda manispaa akatia saini hati ya kumdhamini, akaonyesha mshahara wake na ukubwa wa nyumba yake, na viza ikatoka baada ya siku 12, ya wiki tatu. Aliondoka na kofia mbili, akarudi siku tatu kabla ya viza kwisha kwa kuwa, alivyosema, mvua za vuli zilikuwa karibu na karafuu zilizoanikwa zisingemngoja. Pale Dar es Salaam ofisa alimgongea muhuri akamwambia, “Karibu nyumbani mwalimu,” wala hakuna aliyetaka kuona ithibati kuwa amerudi.

Mwaka uliofuata binti akajifungua tena. Tukalitoa lile faili la buluu, tukaliweka juu ya mkeka na kuzikagua karatasi moja moja: taarifa ya benki imepitwa na wakati, bima imekwisha, picha haifai kwa kuwa imezidi miezi sita, hati ya mkwe ilikuwa ya safari ile tu, barua ya mwaliko ina tarehe ya zamani. Muhuri wa kutoka na wa kurudi upo, nao tuliufurahia. Hati ya eka tatu, iliyoliwa na mende, ilikuwa haina tarehe ya kwisha, nikairudisha mahali pake nyuma kabisa, chini ya stakabadhi za karafuu.